Konzi ya Msomaji

Siku hizi lori la kiwanda likichelewa, watu katika kituo chetu cha kupimia majani ya chai huinamia simu, kila mmoja na yake, na ukimsalimia mtu anakujibu bila kukuangalia. Silaumu simu. Ninayo pia, na mjukuu wangu amenifundisha kutafuta matokeo ya mpira. Lakini nikikaa kwenye lile benchi la mbao, mashamba ya chai yakiteremka mbele yangu hadi mtoni, nakumbuka wakati ambapo kituo hiki kilikuwa na msomaji. Msomaji huyo nilikuwa mimi, Bethwel, na nikikumbuka moyo unaniuma. Najua wazee wote husema zamani ilikuwa bora, na wengi wao ni waongo. Zamani kituo hakikuwa na paa, matope yalifika magotini na viatu nilikuwa navyo pea moja. Ila kusomewa kulikuwepo, na hilo sidanganyi. Mengine nilidanganya, ndiyo sababu nasimulia.

Mambo yalikuwa hivi. Mchumaji akifika na kikapu chake hapimiwi mara moja. Humwaga majani juu ya gunia, akapiga magoti, akachambua: majani mawili na kichipukizi yabaki, yale makubwa yaliyokomaa na vijiti vitupwe, la sivyo karani atamrudisha nyumbani na mzigo wake. Hiyo ni kazi ya mikono na macho. Masikio hayana shughuli. Tena lori lilikuwa likikwama kwenye mteremko wa daraja kila mvua inyeshapo, na huku kwetu Silibwet mvua ya mchana hunyesha kama iliyoajiriwa. Kwa hiyo masikio yalikaa bure saa tatu, saa nne, na masikio yakikaa bure huingiwa na fitina.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na kuitwa chuo cha ualimu, lakini baba akaaga dunia mwaka huohuo na barua ile ikabaki barua. Nikarudi kuchuma chai ya mama. Mwalimu wangu wa Kiswahili aliponiona nimerudi shambani hakunipa hotuba. Alinipa kitabu kimoja, riwaya isiyo na jalada, hata jina la mwandishi lilikuwa limekwenda na jalada. Nilikuwa nikikisoma pale kituoni, midomo ikicheza, mpaka siku moja Chepkorir, jirani yetu, mke wa watu asiyeogopa mtu, akaniambia nisome kwa sauti niache uchoyo. Nikamwambia nikisoma, majani yangu atachambua nani? Alichota konzi moja ya majani yake safi akaitupa kikapuni mwangu. Aliyefuata akatupa yake, na wa tatu, na haba na haba hujaza kibaba. Tangu siku ile ikawa sheria, ingawa haikuandikwa popote: kila mchumaji atoe konzi moja ya msomaji, kisha akae asikilize.

Kitabu kilimhusu msichana aitwaye Zawena, wa kijiji cha mbali chenye joto, aliyetoka kwao kwenda mjini kusomea ualimu huku mjomba wake akipinga na kaka yake akinywa. Tulimfuata Zawena miezi mitano, kurasa chache kwa siku. Siku za jua, lori lilipowahi, tulimlaani dereva. Na msidhani watu walikuwa wakijiburudisha tu. Walikuja na mambo yao. Mama mmoja alinunua kisahani cha kikombe kwa sababu Zawena alinyweshwa chai kwenye kisahani na mke wa mkuu wa chuo, akasema hata yeye anaweza kuishi hivyo. Omariba, kibarua kutoka upande wa Nyamira aliyekuwa akinywa chang'aa hadi anasahau kikapu njiani, aliniuliza mbele za watu kama Zawena atamsamehe yule kaka. Nikamwambia asubiri sura ya tisa. Alisubiri, na siku ya sura ya tisa alikuja mkavu, hajagusa pombe, amenyoa ndevu.

Lakini aliyesikiliza kuliko wote alikuwa Nyanchama. Alikuwa na miaka kumi na minane, amekuja kutoka Kisii na shangazi yake kuchuma kama vibarua. Alikuwa ameitwa kusomea uuguzi, na barua ya kuitwa ilikaa ndani ya Biblia ya shangazi, kwa kuwa mjomba wake alitaka aendelee kuchuma mpaka kaka zake wamalize shule. Siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye majani, aliniambia kwamba atakalofanya Zawena ndilo atakalofanya yeye. Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Sasa, msomaji mzuri husoma mbele, ajue barabara ina mashimo wapi. Kwa hiyo nilijua siku mbili kabla yao kwamba Zawena anaanguka mtihani. Anarudi kijijini kwa miguu, anaketi kizingitini kwa mama yake, anavuta ungo wa kunde na kuanza kuchambua. Basi. Hapo ndipo kitabu kiliishia. Nilikasirika mpaka nikamtukana mwandishi kwa Kipsigis, lugha ambayo sidhani aliijua. Miezi mitano tumembeba msichana huyu mgongoni, halafu unatuachia kunde?

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha, tumejifunika karatasi za nailoni, lori limekwama. Nilisoma mpaka pale Zawena anapotafuta jina lake ubaoni na kulikosa. Nikainua macho, nikamwona Nyanchama ameshika jani moja, halichambui wala halitupi. Nikageuza ukurasa na kuanza kudanganya.

Nilidanganya vizuri. Macho yangu yalikuwa juu ya ungo wa kunde na mdomo wangu ulikuwa ukimrudisha Zawena chuoni, akajaribu tena, akafaulu. Sijui maneno yalitoka wapi. Watu walipiga makofi, Chepkorir akalia mpaka akapenga kamasi kwa leso, na konzi zilizoanguka siku ile zilifurika kikapu, ikabidi niazime gunia. Jumatatu Nyanchama hakuja kuchuma. Shangazi yake alifungua Biblia akakuta barua haipo.

Hayo yalikuwa miaka thelathini na moja iliyopita. Kituo kilijengewa paa, daraja likatengenezwa, lori likaanza kuja mapema, na kusoma kukafa taratibu bila kuzikwa. Nilisikia Nyanchama amekuwa sista wa hospitali, kisha msimamizi wa wodi huko Longisa, na kila nikisikia hivyo nilijivuna kimoyomoyo kama mtu aliyefanya jambo. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu Chepngetich hakujua.

Mwaka huu, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Nyanchama alikuja kwangu. Alibeba mkate, sukari na pakiti ya majani chai, maana hiyo ndiyo adabu, hata kama unayemtembelea amezungukwa na chai mpaka dirishani. Chepngetich alimpa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, tukaulizana habari za watu waliokufa na waliooa. Kisha akaweka kikombe chini na uso wake ukabadilika. Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, Vivian, miaka ishirini na mmoja. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uhandisi, akaanguka mitihani, akaambiwa aende nyumbani. Sasa alikuwa na wiki sita chumbani. Hali mpaka alazimishwe, na akiulizwa anajibu neno moja. Pasta alikuwa ameomba. Daktari wa kazini kwa Nyanchama alikuwa ameongea naye.

"Mimi ni muuguzi, Baba Chemutai," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Najua hiyo macho. Nimeiona kwa watu, na wengine sikuwaona tena. Kuna kitu moja tu sijajaribu. Nipatie ile kitabu asome vile Zawena alirudi. Nikimwambia mimi, ni maneno ya mama. Kwa kitabu ni tofauti."

Msichana ameanguka mtihani, amefungwa chumbani, na mimi nimpelekee kitabu ambacho ukurasa wake wa mwisho unamwambia akae chini achambue kunde? Nikasema mchwa walikila. Nyanchama alininyooshea mkono akanipa pole, pole ya kweli, kama mtu aliyefiwa. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Alipoondoka, Chepngetich akaniuliza mchwa gani hao, maana kitabu yeye alikiona Krismasi ndani ya sanduku la bati. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia jikoni kwangu mwenyewe.

Nikajifungia chumbani na mpango. Nitazikata kurasa za mwisho kwa wembe, niandike ule mwisho wangu kwa mkono mzuri kwenye daftari, nimwambie Nyanchama kwamba mchwa waliacha sehemu na nyingine nimeinakili. Nilitafuta wembe, nikanunua daftari na kalamu, nikavaa miwani. Nikaandika, "Zawena alipokosa jina lake ubaoni." Kisha nikakwama hapo.

Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka hata sentensi moja. Nilijua alirudi chuoni akafaulu, lakini kwa njia gani, nani alimsaidia, alisema nini mlangoni? Jambo ambalo mtu mwingine alilijengea maisha yake yote, mimi nililitoa mdomoni siku ya mvua nikaliacha palepale, na nililokuja nalo nyumbani ni gunia la majani. Nilikaa na daftari jeupe mpaka nikaitwa kula.

Jumatatu nilimkuta Chepkorir kituoni, amepiga magoti mbele ya gunia lake. Ni mjane sasa, karibu miaka sabini, na bado mikono yake inachambua haraka kuliko ya wasichana. Nikamwuliza kwa ujanja kama anaukumbuka mwisho wa Zawena. Akanitazama.

"Wewe ndio ulikuwa na kitabu," akasema. "Mbona uniulize mimi?"

Nikazunguka, nikakohoa, akaniambia mficha uchi hazai. Basi nikamwambia yote. Nilitarajia acheke au anitukane. Hakufanya hata moja. Aliendelea kuchambua huku akinipa kile alichokuwa nacho, polepole, kama anayetoa kitu kilichofungwa kwenye kona ya leso.

"Mimi nakumbuka mama yake," akasema. "Mama yake hakumgombeza. Alichukua sanduku ya huyo msichana akaweka kwa kichwa yake, akabeba mpaka stendi, wakiwa kimya. Sasa wakati Chelangat, msichana wangu, alirudishwa kutoka shule na hakutaka kwenda tena, mimi nilibeba sanduku yake kwa kichwa mpaka Sigor. Kwa miguu, Bethwel. Watu walinicheka njia yote. Lakini mimi nilijua hiyo kitu imeandikwa."

Chelangat ni mwalimu mkuu sasa. Sikujua sanduku lile lilitoka kwangu. Sikujua hata kama nililisema.

Chepkorir alinipeleka kwa Omariba, ambaye ana kinu cha kusaga mahindi mita chache kutoka kituoni na hajaonja pombe tangu enzi zile. Alizima mashine ili anisikie. Yeye mama hamkumbuki kabisa. Anakumbuka kaka mlevi alikuja getini kwa chuo amepiga viatu rangi, akamwomba dada yake msamaha kabla hajaingia mtihani. Alisema alidhani kitabu chenyewe kimesema kwa watu wote, lakini mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Labda nilimtazama. Siku iliyofuata Chepkorir alitangaza kituoni, na waliokuwepo enzi zile wakaja mmoja mmoja na vipande vyao. Mmoja alikumbuka mvua. Mmoja alikumbuka kwamba Zawena alikula hindi choma nje ya lango, kwa sababu hata yeye siku ile alikuwa na njaa. Mmoja alisema alifaulu mara ya pili, mwingine akaapa ni ya tatu, wakabishana mpaka karani Noah akawaomba wapunguze sauti. Niliandika ya pili, nikaikata nikaandika ya tatu, nikiona ndiyo inayomfaa zaidi mtu aliyeanguka. Hakuna hata wawili waliokuwa na kipande kimoja. Kila mtu alikuwa ameondoka na konzi yake.

Daftari lilipojaa nilimwonyesha Chepkorir, nikamwambia kilichobaki ni wembe. Akaninyang'anya kitabu akakikalia.

"Peleka yote," akasema. "Ya kitabu na ya kwako. Ulichagulia watu mara moja, sasa wacha."

Alhamisi nikapanda bodaboda hadi Longisa na mfuko wa plastiki kifuani, kitabu na daftari ndani. Nyanchama alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai, nami nikamwambia kabla sijaonja, nikijua nikionja nitaanza kuongea habari za mvua. Nilimwambia kuhusu mchwa, kisha kuhusu kunde, kisha kuhusu daftari. Aliposema, sauti yake ilikuwa chini.

"Nimekuwa nikiwaambia wagonjwa," akasema. "Mama akipoteza mtoto, nakaa na yeye kwa kitanda, namwambia kuna msichana alianguka akarudi, iko kwa kitabu. Miaka thelathini na moja. Nimewapa watu dawa haina lebo, Baba Chemutai. Na wewe ulijua."

Nikasema nilifanya kwa ajili yake. Akaniuliza kama alinituma. Nikasema pole, akasema hata pole yake kuhusu mchwa angependa kuirudisha. Kikombe changu kilipokwisha hakuniongezea, na kwa watu wetu, Mkipsigis au Mkisii, hiyo ni lugha isiyohitaji mkalimani. Nilikuwa natafuta kofia yangu nilipoona msichana mlangoni, mwembamba, amevaa sweta kubwa yenye kofia. Hatukujua amesimama pale tangu lini. Alitazama kitabu na daftari nilivyokuwa nimeviweka juu ya meza.

"Nataka hiyo kitabu," akasema. "Ile original. Hii ingine wekeni."

Mama yake alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha. Vivian alichukua riwaya isiyo na jalada akaingia chumbani akafunga mlango. Daftari langu la siku tatu lilibaki juu ya meza karibu na chupa ya chai.

Siku zilizofuata sikulala vizuri, na mchana nilikuwa nikishtuka simu ikilia. Niliogopa. Wacha niseme wazi nilichoogopa: kwamba binti yule atafika ukurasa wa mwisho, aone kwamba hata mwandishi hakuona njia, na asione sababu ya kufungua mlango tena. Nilimpigia Nyanchama siku ya tatu, hakushika. Siku ya tano alishika, akasema, "Anasoma," akakata. Siku ya nane nilimwomba Mungu anisamehe kwa ajili ya kitabu ambacho sikukiandika.

Siku ya kumi, alasiri, nilikuwa kituoni nimemaliza kuchambua. Lori lilikuwa limepasuka gurudumu mbali huko na watu walikuwa na simu zao. Nikawaona wanakuja kutoka barabarani, Nyanchama mbele na mkoba wake wa kazi, nyuma yake Vivian na kitabu. Nyanchama alinisalimia kwa mkono, bila tabasamu. Vivian akaketi benchini karibu nami, akatazama wanawake waliopiga magoti juu ya magunia.

"Babu," akasema, "mbona uliwanyima hii mwisho?"

Nikamwambia niliona itawavunja moyo. Nikamwambia walikuwa watu wa shida, wamelowa, wana njaa, na mimi sikutaka kuwaongezea.

"So uliona hawawezi kubeba."

Nikawatazama. Chepkorir alimzika mume na watoto wawili na hakukosa kuchuma zaidi ya wiki moja. Nikakumbuka magunia ambayo wanawake hawa wamepanda nayo mlima ule tangu nikiwa kijana. Miaka yote nilijiita mkarimu kwa jambo lile, kumbe niliwadharau. Aibu ilinipanda usoni, mtu mzima mwenye wajukuu, na sikuwa na pa kuificha.

"Halafu hukusoma poa," Vivian akaendelea, si kwa ukali. "Zawena hajashindwa. Ameketi tu. Kitabu imeisha kabla asimame. Mimi nimeketi wiki sita nikifikiri hakuna mtu mwingine amewahi kukaa hivyo."

Nilimwuliza kama anakula. Akasema jana alikula ugali na mama yake akalia, ikamuudhi. Nikauliza kuhusu chuo. Akasema ameandika barua ya kuomba arudie mwaka, hawajajibu, na wakikataa atafikiria lingine. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alijipangusa macho kwa mkono wa sweta akajifanya anatazama shamba.

Kisha Vivian akasimama. Hakuomba ruhusa. Alifungua kitabu mwishoni akaanza kusoma kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika, hata mara ya kwanza hakuna aliyegeuka. Akakohoa akaanza upya. Simu moja ikazimwa, kisha nyingine. Alisoma jina likikosekana ubaoni. Alisoma safari ya kurudi kijijini. Nilijua kinachokuja na nikashika ukingo wa benchi.

"Zawena akauvuta ungo," akasoma. "Kunde mbovu akaziweka kushoto, nzima akaziweka kulia. Mama yake hakumwuliza neno. Jua lilikuwa bado juu."

Akafunga. Hakuna aliyepiga makofi. Nikamtazama Chepkorir. Mikono yake, ambayo sijapata kuiona imetulia juu ya majani, ilikuwa imetulia.

"Huyo ni mimi," akasema.

Hakusema kwa mtu yeyote. Wote tulijua aliacha shule darasa la saba, mama yake alipougua, na kwamba alikuwa wa kwanza darasani. Hakuwahi kulizungumzia.

"Mimi nilikaa hapo hapo kwa mlango, na mahindi," akasema. "Nilifikiri vitabu ni ya wale walirudi. Kumbe huyo mtu aliniandika, na wewe Bethwel ukaruka mimi."

Nilitaka kumkumbusha sanduku alilolibeba hadi Sigor, kwamba hata uongo wangu ulizaa, lakini aliyajua hayo kuliko mimi. Nikamwomba anisamehe. Akapangusa pua kwa kiganja, akasema atafikiria, kwanza nimpishe achambue.

Nyanchama akasogea mbele. Alifungua mkoba wake wa kazi akatoa daftari langu, kona zimeshikwashikwa, nikaona limesomwa zaidi ya mara moja. Akaliweka mkononi mwa binti yake.

"Sasa soma na ya huyu mwongo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Longisa akanitazama na karibu acheke. "Hiyo pia ilifanya kazi."

Watu wakacheka, wengine wakasogeza magunia karibu. Omariba alikuwa ametoka kinuni mweupe kwa unga, akaketi juu ya debe. Vivian akaanza kusoma mwandiko wangu mbaya. Alipofika penye sanduku Chepkorir aliitika kidogo, na alipofika penye mara ya tatu wale waliobishana wakabishana tena, akangoja wamalize.

Katikati ya kusoma, Chepkorir alinyanyuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Kulikuwa na kikapu kitupu karibu na miguu ya Vivian, sijui cha nani. Alichota konzi ya majani yake yaliyochambuliwa akaitia humo, akarudi akapiga magoti. Mwanamke wa pembeni yake akafanya hivyo. Vijana, ambao hawajawahi kuona jambo hilo, wakatazamana, kisha mmoja akaweka simu mfukoni akachota. Vivian aliacha kusoma akauliza majani hayo ni ya nini. Mama yake akamwambia aendelee kusoma.

Nilikaa pale benchini nikitazama mikono ikipita, na ndipo nikagundua kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kutoa. Nimepewa konzi maelfu. Sikuwahi kuketi upande wa wanaosikiliza. Nikainuka nikaenda kwenye gunia langu, nikachagua majani mawili na kichipukizi, mawili na kichipukizi, mpaka kiganja kikajaa, nikayaweka kikapuni mwa msichana. Kisha nikapiga magoti karibu na Chepkorir, ambaye alisogea kidogo bila kunitazama, nikaanza kumsaidia kuchambua.